Aina ya Mti: Fasili za Miti ya Vichakani Katika Kamusi za Kiswahili

Kamusi hupimwa kwa njia nyingi. Wako wanaoipima kwa wingi wa maneno, wako wanaoipima kwa usahihi wa tahajia, na wako wanaoipima kwa jinsi inavyotenga maana moja na nyingine. Vipimo hivyo vyote ni vya haki. Lakini kipo kipimo kingine ambacho aghalabu husahauliwa, nacho ni kuitoa kamusi maktabani, kuipeleka mahali kitu chenyewe kilipo, na kuona kama fasili yake yamwezesha mtu kukitambua. Kwa majina ya wanyama wakubwa kipimo hicho hakina taabu, maana hapana atakayemdhania twiga kuwa tembo. Kwa majina ya miti, na hasa miti mifupi ya vichakani itoayo maua, kipimo ni kikali, na kamusi nyingi za Kiswahili hushindwa nacho.

Mahali pafaapo kufanyia jaribio hilo ni Fukayosi. Fukayosi imo katika wilaya ya Bagamoyo, mkoa wa Pwani, kandokando ya barabara itokayo mji wa Bagamoyo kwenda Msata. Nchi yake si msitu mkubwa wala si mbuga tupu. Ni mchanganyiko wa mashamba, nyasi, na vichaka vya pwani ambavyo miti yake husongamana hata mtu hupita kwa shida. Wilaya hiyo ni makao ya Wakwere, Wadoe, Wazigua na Wazaramo, na pamoja nao wamo wafugaji wa Kimasai na wa Kibarbaig waliotoka bara. Wote husema Kiswahili wakutanapo, na kila kundi lina majina yake ya miti. Mahali kama hapo ndipo kamusi ya lugha ya wote inapotakiwa kukata shauri. Mtoto wa Mkwere na mtoto wa Mmasai wakibishana juu ya tunda walilolichuma njiani, neno la mwisho lingepasa kuwa la Kiswahili.

Miti miwili yatosha kwa jaribio: mtandamboo na msunguti. Mtandamboo ndio ule ambao wataalamu wa mimea huuita Carissa, na msunguti ndio ule wauitao Acokanthera. Yote miwili ni ya jamaa moja, jamaa ya Apocynaceae, na udugu wake waonekana waziwazi. Majani ya kila mmoja ni magumu, yenye kung'aa, ya kijani mwaka mzima, nayo huota mawili mawili yakielekeana. Tawi likivunjwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Maua ya kila mmoja ni meupe, au meupe yenye wekundu kidogo. Yana umbo la mrija mwembamba uliofunuka mdomoni, hukusanyika vishada vishada, na hunukia vizuri. Matunda ya kila mmoja huanza yakiwa ya kijani, kisha huwa mekundu, na mwisho huiva rangi ya zambarau iliyokoza hata kukaribia weusi. Mtu akipewa sifa hizi zote, na asipewe nyingine, bado hajui ameshika mti gani.

Tofauti zipo, nazo si za kutafutwa kwa hadubini. Ya kwanza ni miiba. Mtandamboo una miiba mikali, mingine iliyonyoka na mingine yenye panda. Msunguti hauna mwiba hata mmoja. Ya pili ni mahali pa maua. Maua ya mtandamboo hutoka kwenye ncha za vitawi. Ya msunguti hutoka katika makwapa ya majani, yaani pale kikonyo cha jani kinapoungana na tawi. Ya tatu ni ukubwa wa tunda, kwa kuwa la msunguti kwa kawaida hulipita la mtandamboo. Alama ya miiba ndiyo nyepesi kuliko zote, lakini haitoshi peke yake, kwani mara chache huonekana mtandamboo usio na miiba. Mtu mwangalifu hutazama miiba, kisha hutazama maua. Alama mbili zikikubaliana, shaka huondoka.

Jambo lililo nyuma ya alama hizo si dogo. Tunda la mtandamboo huliwa. Ni tamu, na watoto wa pwani na wa bara hulila wakiwa machungani au njiani. Msunguti ni mti wa sumu ya mishale. Wawindaji wa Kikamba, wa Kigiriama na wa Kiwata walichemsha vipande vyake kwa saa nyingi mpaka pakabaki kitu cheusi kizito kama lami, wakakipaka katika mishale yao, na mshale huo uliweza kumwangusha tembo. Jina lake la Kigiriama, mutsungu, lafanana na neno lao utsungu, ambalo ni uchungu na tena ni sumu. Mwaka 1888 mkemia wa Kifaransa, Arnaud, alitoa katika mti wa jenasi hii dutu iliyoitwa ouabain, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu hiyo. Kazi yake ni katika moyo: huzuia seli zisitoe sodiamu na kuingiza potasiamu kama ipasavyo, na kipimo kikizidi moyo hupoteza mwendo wake na kusimama. Tena lipo jambo lizidishalo hatari. Ziko nchi ambamo watu hula tunda la msunguti lililoiva kabisa, ilhali tunda bichi la mti huohuo ni sumu. Kwa hiyo habari ya kusikia tu kwamba fulani alikula na asidhurike haiwezi kuwa mwongozo.

Hata mnyama amejua kuupambanua mti huu. Mwaka 2011 wataalamu walieleza habari za panya mmoja mkubwa wa Afrika Mashariki, mwenye manyoya marefu na kishungi mgongoni, ambaye hutafuna magome ya msunguti na kujipaka mate yake ya sumu katika manyoya ya ubavuni. Mbwa amwumaye huweza kufa. Panya huyo hana kamusi, lakini hakosei mti.

Sasa na zitazamwe kamusi. Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili ilianza na kazi ya Frederick Johnson iliyotoka mwaka 1935. Miaka 4 baadaye, mwaka 1939, ilitoka kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kiingereza, iliyojengwa juu ya msingi wa A. C. Madan na kusimamiwa na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki. Mwaka 1981 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ambayo ikawa mlango wa kamusi zote zilizoifuata. Kazi hizi zilikusanya majina ya miti kwa bidii kubwa. Mtu afunguaye kurasa za herufi M huona jinsi miti ilivyoijaza kamusi, na kama wakusanyaji wasingeyaandika majina hayo, mengi yangekwisha kupotea pamoja na wazee walioyatamka.

Lakini kuandika jina ni kazi moja, na kulifasili ni kazi nyingine. Fasili iliyozoeleka katika kurasa hizo ni ile ianzayo kwa maneno aina ya mti, na mara nyingi huishia hapohapo, au huongezewa neno moja juu ya matumizi: kwamba mbao zake ni nzuri, kwamba mizizi yake ni dawa, kwamba matunda yake huliwa. Johnson, katika kamusi ya 1939, mara nyingine huongeza jina la Kilatini. Fasili ya namna hiyo haisemi uongo. Mtandamboo kweli ni aina ya mti, na msunguti kweli ni aina ya mti. Kosa lake ni kwamba husema jambo lililo kweli kwa kila mti, na kwa hiyo halipambanui mti wowote. Jina lenyewe, kwa herufi yake ya kwanza na kwa kuingia kwake katika ngeli ya miti, lilikwisha kumwambia msomaji kwamba huu ni mti. Fasili imemrudishia alichokuja nacho.

Huweza kujibiwa kwamba msomaji wa kamusi ni mtu aujuaye mti, naye hutafuta tahajia tu. Jibu hilo huipunguzia kamusi heshima yake. Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana, na methali hiyo yafaa katika mazungumzo ya watu wa rika moja, penye mafumbo na kejeli. Kamusi ni kitabu kilichotungwa kwa kinyume cha methali hiyo: asiyejua maana ndiye hasa anayepaswa kuambiwa. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam, akapelekwa kwa bibi yake Fukayosi wakati wa likizo, hajui mtandamboo. Mwalimu aliyetoka Bukoba akapangiwa shule ya Pwani haujui. Mganga wa zahanati aletewaye mgonjwa aliyekula tunda asilolijua atapenda kujua jina lile alilotajiwa na jamaa za mgonjwa ni la mti gani. Hao ndio wasomaji wa kamusi.

Huweza kusemwa pia kwamba msunguti si mti wa Fukayosi. Kwamba makao yake yanayojulikana zaidi ni nchi kavu za pwani ya Kenya na nyika za bara. Hilo halipunguzi hoja, bali huizidisha. Mtu aishiye mahali penye mti mmoja tu kati ya miti miwili ifananayo hujifunza kuutambua kwa sura yake ya jumla, wala hana haja ya kuzijua alama za kuupambanua. Siku asafiripo na kuukuta ule wa pili, sura ileile humdanganya. Mfugaji hutoka Fukayosi akaenda Handeni, na mfanyabiashara hutoka Bagamoyo akaenda Malindi. Lugha wanayoichukua ni moja. Kamusi ya lugha isemwayo toka Lamu mpaka Lubumbashi haiwezi kufasili neno kwa kumtazama mtu asiyeondoka kijijini kwake.

Kamusi za Kiswahili zingaliweza kufuata njia nyingine, na njia hiyo ilikwisha kuanzwa Bagamoyo kwenyewe. Padre Charles Sacleux wa Shirika la Roho Mtakatifu alifika pwani hii mwaka 1879, miaka 11 baada ya shirika hilo kufungua misheni yake Bagamoyo, na alikaa karibu miaka 20 baina ya Unguja na Bagamoyo. Alikuwa na vipawa viwili ambavyo ni nadra kukutana katika mtu mmoja: sikio la lahaja na jicho la mimea. Alikusanya mimea na kuipeleka Paris, na mtaalamu Baillon aliiita jenasi moja Sacleuxia kwa kumheshimu. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, yenye kurasa zaidi ya 1,000, ilianza kutoka Paris mwaka 1939, mwaka uleule wa kamusi kubwa ya Johnson, mwenyewe akiwa amekwisha kupita miaka 80.

Katika habari ya mtandamboo mtu huyu ana mahali pa pekee. Vichaka vya pwani vina miti miwili ya jenasi ya Carissa ambayo huchanganyika kwa urahisi. Mmoja ni ule ulioenea Afrika nzima na kuvuka mpaka Arabuni na Asia. Maua yake yana petali 5. Wa pili ni wa nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, na maua yake yana petali 4. Aliyeutenga huu wa pili na kuupa jina katika elimu ya mimea ni Sacleux, na jina alilolichagua, tetramera, maana yake ni wenye sehemu nne. Jina hilo ni fasili iliyofupishwa katika neno moja. Mtu akisimama mbele ya kichaka, akachuma ua, akahesabu, amekwisha kuujua mti. Hapo mtunga kamusi na mjuzi wa mimea walikuwa mtu mmoja, naye alionyesha kwamba sifa ya kweli ya jina zuri ni kuchagua alama.

Sifa hiyo hata hivyo ina upungufu wake. Maarifa ya Sacleux juu ya miti ya Bagamoyo yaliandikwa kwa Kifaransa, na mimea yake imehifadhiwa Paris. Msomaji wa Kiswahili asiyejua Kifaransa hana njia ya kuyafikia, ingawa yalitoka katika vinywa vya watu wa pwani. Ndivyo ilivyo pia kwa P. J. Greenway, aliyefanya kazi katika kituo cha uchunguzi cha Amani, milimani Usambara, na kutoa mwaka 1937, na tena mwaka 1940, kamusi nzima ya majina ya mimea ya Kiswahili. Hapana kazi iliyokusanya majina hayo kwa uangalifu zaidi wa kuyalinganisha na majina ya kitaalamu. Lakini aliandika kwa Kiingereza. Ndivyo ilivyo hatimaye kwa ile kazi kubwa ya mimea ya Afrika Mashariki iliyotolewa sehemu kwa sehemu toka mwaka 1952 hata mwaka 2012, yenye habari za mimea zaidi ya 12,000. Sehemu yake ihusuyo jenasi za Carissa na Acokanthera, iliyotoka mwaka 2002, ni ya mtaalamu E. A. Omino. Alama zote zimo humo, zimepangwa kwa utaratibu mzuri kabisa, nazo zote zimo katika Kiingereza. Kwa hiyo mti wa Fukayosi umeelezwa vema katika lugha mbili za Ulaya, na katika lugha ya Fukayosi umeambiwa kwamba ni aina ya mti.

Wako wanaodhani kwamba dawa ya ugonjwa huu ni jina la Kilatini: mwandishi aseme mtandamboo, aweke Carissa mbele yake, na kazi imekwisha. Jina la Kilatini lina faida kubwa, maana humwongoza mtaalamu kwenye vitabu vingine, na kamusi nzuri haifai kulikosa. Lakini halitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, msomaji wa kawaida hapati kitu kwalo. Ni kufasili neno asilolijua kwa neno lingine asilolijua. Pili, majina hayo hubadilika. Mtandamboo wenye petali 5 uliandikwa na Forsskål, aliyeuona Yemeni katika safari iliyomchukulia uhai wake mwaka 1763, na maelezo yake yalichapwa mwaka 1775. Kwa miaka mingi jina lake lilikuwa Carissa edulis, na edulis maana yake ni uliwao. Baadaye wataalamu waliuona kuwa ni mmoja na mti wa Asia ambao Linnaeus alikwisha kuupa jina mbele yake, yaani Carissa spinarum, wa miiba. Kwa sheria ya kutangulia, jina la zamani lilishinda. Kamusi iliyotegemea jina la Kilatini peke yake sasa imebaki na jina lililopitwa. Lakini miiba haikubadilika, wala maua hayakuhama toka ncha za vitawi, wala tunda halikuacha kuliwa. Fasili ya alama hudumu kuliko fasili ya jina.

Hapa lazuka swali la haki: kama elimu ya mimea hutenga mtandamboo wa petali 4 na ule wa petali 5, je, Kiswahili kina kosa kuiita yote miwili mtandamboo? La, hakina. Lugha ya watu haina wajibu wa kufuata kila mgawanyo wa mtaalamu. Hutenga panapo haja, na huacha pasipo haja. Matunda ya yote miwili huliwa, miiba ya yote miwili huchoma, na mchumaji hapati hasara akichanganya huu na ule. Jina moja lamtosha, na kamusi itatimiza wajibu wake ikisema kwamba jina hilo ni la miti zaidi ya mmoja. Lakini baina ya mtandamboo na msunguti haja ipo, na lugha ilikwisha kuikidhi kwa kuweka majina mawili yasiyofanana kabisa. Majirani wamefanya vivyo hivyo. Mmasai huuita mti wa matunda olamuriaki na mti wa sumu olmorijoi. Mkikuyu huuita wa kwanza mukawa na wa pili murichu. Jamii zisizo na asili moja zimekubaliana kwamba hapa pana mpaka. Kwa hiyo kosa halimo katika lugha. Watu waliutia mpaka. Kamusi ndiyo iliyoufuta, kwa kuweka fasili moja pande zote mbili.

Yasikitisha zaidi ukikumbuka kwamba ufundi wa kuchagua alama si mgeni katika Kiswahili. Kitendawili si kitu kingine ila fasili iliyofichwa jina. Mtegaji asemapo kwamba nyumba yake haina mlango, hasemi kwamba yai ni aina ya kitu cheupe. Amechagua sifa moja ambayo nyumba nyingine hazina, na msikilizaji hulijua yai kwa sifa hiyo. Bibi wa Fukayosi amwonyaye mjukuu wake hafanyi vingine. Hamwambii kwamba kuna aina ya mti. Humwonyesha mwiba, humwambia ushike, kisha humwonyesha tunda. Elimu ya mimea nayo hutumia njia hiyohiyo katika kile kiitwacho ufunguo: huuliza swali moja lenye majibu mawili, una miiba au hauna, na kila jibu humpeleka mtu kwenye swali jingine mpaka afike kwenye jina. Bibi, mtegaji na mtaalamu wamekutana katika njia moja. Mtunga kamusi peke yake ndiye aliyekaa kando.

Watetezi wa kamusi watasema kwamba nafasi ni haba, na kwamba kamusi si kitabu cha mimea. Utetezi huo wastahili kusikilizwa, kwa kuwa kila mstari wa kamusi una gharama, na mtungaji mwenye maneno maelfu hawezi kutembelea kila kichaka. Lakini na ijaribiwe. Mtandamboo ungeweza kufasiliwa hivi: mti wa kichakani wenye utomvu mweupe, miiba mikali, na maua meupe yanukiayo yatokayo kwenye ncha za vitawi, matunda yake madogo huiva yakawa meusi, nayo huliwa. Msunguti ungeweza kufasiliwa hivi: mti wa kichakani wenye utomvu mweupe, usio na miiba, ambao maua yake meupe yanukiayo hutoka katika makwapa ya majani; hutoa sumu ya mishale, nao hufanana na mtandamboo. Hakuna fasili iliyofikia maneno 30. Kila moja ina alama mbili, na ile ya pili yamrudisha msomaji kwa ndugu wa mti huo ili alinganishe. Maneno machache ya mwisho, hufanana na mtandamboo, yaweza kuwa ndiyo yenye thamani kuliko yote.

Si lazima kila jina la mti lipewe urefu huo. Mti usiofanana na mwingine waweza kufasiliwa kwa ufupi zaidi. Kanuni ifaayo ni kwamba urefu wa fasili ufuate hatari ya kukosea. Palipo miti miwili ya sura moja, na mmoja wao huua au hudhuru, hapo fasili iongezwe maneno. Palipo miti miwili ya sura moja isiyodhuru, neno moja la onyo latosha. Mtungaji akishika kanuni hiyo, hatahitaji kuipanua kamusi yote. Atahitaji kuchagua kurasa chache na kuzitengeneza vema.

Kazi hiyo yataka watu wawili waende pamoja kichakani, wala isifanywe mezani kwa kunakili kamusi moja kutoka nyingine, maana kosa la fasili likinakiliwa mara 3 huonekana kama mapokeo. Mmoja awe mwenyeji anayeujua mti kwa mkono na ulimi. Wa pili awe mchunguzi mwenye kalamu, mwenye kukata tawi lenye ua na tunda, kulikausha, na kulipeleka kwa wataalamu wa mimea pamoja na jina lililotajwa na mahali lilipotajwa. Bila tawi, jina huelea. Bila jina, tawi huwa bubu. Sacleux alifanya kazi zote mbili peke yake, katika nchi hiyohiyo ya Bagamoyo, bila ya barabara ya lami na bila ya chuo kikuu. Wachunguzi wa sasa wana vyote viwili, na tena wana jambo alilolikosa yeye: kuandika matokeo kwa lugha ya wale waliomwonyesha miti.

Kamusi za Kiswahili zimekwisha kushinda vita vya kukusanya. Majina ya miti yamo, na heshima ya waliyoyakusanya haitapungua. Vita vilivyobaki ni vya kupambanua, na uwanja wake u wazi. Siku mtoto wa Fukayosi atakapoweza kuifungua kamusi mbele ya kichaka, akasoma, akatafuta mwiba, akautazama ua umetoka wapi, kisha akala au akaacha, siku hiyo kamusi itakuwa imesema zaidi ya kwamba huu ni aina ya mti.